Methodi ni Nini? Mwongozo wa OOP kwa Msee Anayeanza Kuandika Kodi, Tukitumia Mathree

Wacha nikisie ulipo. Umeanza kujifunza Python, labda kwa lapi ya beshte, labda kwa simu. Umemaliza variabo, ukapita if, ukaelewa fanksheni, ukajiona bazenga. Halafu ukafungua somo linalofuata, ukakutana na class, self, na manukta kila mahali. Ukafunga lapi ukasema hii si ya watu wa mtaa wetu.

Tulia. Hapo ndipo wasee wengi huachia, na huwa si ju hawana akili. Ni ju mtu aliwaonyesha self kabla hajawaambia shida ambayo self inatatua. Leo tunaanza na shida. Tutatumia mathree mbili, abiria, na doo za siku. Ukifika mwisho utajua methodi ni nini, inaandikwa aje, na kwa nini watu wa kodi wanaipenda hivyo. (Kodi ya kompyuta, si ile ya landlord. Hiyo utajipanga mwenyewe.)

Kitu moja tu: andika hizi kodi wewe mwenyewe ukiendelea kusoma. Kama huna kompyuta, kuna app ya Android inaitwa Pydroid 3 ambayo inaendesha Python kwa simu. Kusoma kodi bila kuiandika ni kama kuangalia mtu akipika chapati. Utashiba macho tu.

1. Ushawahi kutumia methodi, hukujua tu

Cheki hii:

```
jina = "radi"
print(jina.upper())
```

Inatoa RADI, herufi zote kubwa. Hiyo `upper()` ni methodi. Na hii je?

```
stage = ["Kencom", "Ngara"]
stage.append("Pangani")
```

Hiyo `append` pia ni methodi. Imeongeza Pangani kwenye orodha.

Sasa angalia vile zimeandikwa. Kuna kitu, halafu nukta, halafu kitendo, halafu mabano. `stage.append("Pangani")`. Unaweza kuisoma kama Kiswahili cha kawaida: "Wewe stage, jiongeze Pangani." Unaita kitu kwa jina, unakiambia kifanye kazi, na ndani ya mabano unakipa chochote kinachohitaji ili kazi iende.

Basi methodi ni hiyo. Ni fanksheni inayoishi ndani ya kitu, na inajua mambo ya hicho kitu. `append` haihitaji kuulizwa "orodha gani?" Orodha imeshatajwa kabla ya nukta.

Kazi yetu leo ni kutengeneza vitu vyetu wenyewe, na kuvipa methodi zetu wenyewe.

2. Shida: mathree mbili na vitabu vinne

Tuseme mwenye gari amekuomba umtengenezee kaprogramu. Ana gari mbili. Moja inaitwa Radi, ni ya viti 14. Nyingine inaitwa Chui, ni ya viti 33. Anataka kujua kila gari imebeba wangapi na imeingiza ngapi. Ukitumia variabo za kawaida utaanza hivi:

```
radi_abiria = 0
radi_pesa = 0
chui_abiria = 0
chui_pesa = 0

radi_abiria = radi_abiria + 9
radi_pesa = radi_pesa + 9 * 50

chui_abiria = chui_abiria + 3
radi_pesa = radi_pesa + 3 * 50
```

Rudi usome ule mstari wa mwisho tena. Umeuona? Abiria 3 wameingia Chui, lakini pesa yao imeandikiwa Radi. Mia na hamsini imehama gari, na Python haijasema chochote. Kwake hizo ni namba tu. Haijui kwamba abiria wa Chui na pesa za Chui ni mambo ya nyumba moja.

Jioni makanga wa Chui anaambiwa hesabu yake ni fupi. Anaapa hajaguza kitu, na ni ukweli. Mwenye gari anaona analetewa stori. Mtu anaweza kupoteza wera juu ya mstari mmoja wa kodi uliokosewa na msee ambaye hata hayuko stage.

Na hizo ni gari mbili. Zikiwa kumi, una variabo ishirini, na kila mahali abiria anaingia lazima ukumbuke kubadilisha mbili, tena zile sahihi. Utachoka. Siku moja utakosea.

Angalia pia kitu ingine. Hakuna mahali kodi hii inauliza kama gari imejaa. Unaweza kupakia watu 40 kwa Radi na isilalamike. Hii inatukumbusha kabla ya sheria za Michuki. Waziri John Michuki alipokaza mambo ya uchukuzi, sheria zilizoanza kufanya kazi 2004 zilisema kila abiria aketi, afunge mkanda, na gari iwe na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa. Kodi yetu bado iko enzi za kuning'inia mlangoni. Tunataka kuiwekea sheria.

3. Nani ni nani: klasi, objekti, methodi

Maneno matatu tu, na tumalizane nayo.

Klasi ni mchoro. Ukienda kwa fundi wa bodi kule gereji, kabla hajakata chuma anajua gari itakuwa na viti, mlango, na jina ubavuni. Huo mpango si gari. Huwezi kuupanda ukafika tao.

Objekti ni gari yenyewe iliyotoka kwa huo mchoro. Radi ni objekti. Chui ni objekti. Zimetoka kwa mchoro mmoja lakini kila moja ina jina lake, viti vyake, na pesa zake. Hizo habari ambazo kila gari inajibebea tutaziita sifa.

Methodi ni kitendo ambacho gari za huo mchoro zinajua kufanya: kubeba, kushukisha, kusema nafasi zimebaki ngapi.

Ukitaka njia rahisi ya kukumbuka, tumia sarufi ya shule ya msingi. Sifa ni kile kitu *kilicho nacho*. Methodi ni kile kitu *kinachofanya*. Ukiwa unapanga programu, sema kwa sauti: "Mathree ina abiria. Mathree inabeba." Ya kwanza ni sifa, ya pili ni methodi.

4. Kodi yenyewe

```
class Mathree:
    def __init__(self, jina, uwezo):
        self.jina = jina
        self.uwezo = uwezo
        self.abiria = 0
        self.pesa = 0

    def nafasi(self):
        return self.uwezo - self.abiria

    def beba(self, watu, nauli):
        if watu > self.nafasi():
            return False
        self.abiria = self.abiria + watu
        self.pesa = self.pesa + watu * nauli
        return True

    def shukisha(self, watu):
        if watu > self.abiria:
            return False
        self.abiria = self.abiria - watu
        return True
```

Usiogope urefu. Tunaenda nayo pole pole.

`class Mathree:` inaanzisha mchoro. Kila kitu kilichosogezwa ndani kwa nafasi nne ni mali ya mchoro huo. Python inaangalia sana hizo nafasi. Ukizipanga vibaya, methodi yako itajikuta nje ya gari.

`__init__` ni methodi ya pekee. Ina vistari viwili vya chini kila upande. Huiiti wewe kwa jina. Python huiita yenyewe kila gari mpya inapotengenezwa. Ni ile siku gari inatoka gereji: inapewa jina, inapewa idadi ya viti, inaanza na abiria sufuri na pesa sufuri.

`nafasi` ni methodi ya kuuliza. Haibadilishi kitu. Inapiga hesabu na kukurudishia jibu.

`beba` ni methodi ya kutenda. Kwanza inauliza kama hao watu wanatosha. Wakizidi, inarudisha False na hakuna kinachoguzwa. Wakitosha, inaongeza abiria *na* pesa kwa pamoja, halafu inarudisha True. Umeona? Ile shida ya mia na hamsini kuhama gari imekufa hapa. Abiria na pesa vinabadilika mahali pamoja, kwa gari ile ile.

Tuiweke barabarani:

```
radi = Mathree("Radi", 14)
chui = Mathree("Chui", 33)

print(radi.beba(9, 50))
print(radi.beba(6, 50))
print(radi.shukisha(4))
print(radi.beba(6, 80))
print(radi.abiria, radi.pesa)
print(chui.abiria, chui.pesa)
```

Kabla hujabonyeza, chukua karatasi ukisie majibu. Kweli, chukua.

Haya. Wa kwanza 9 wanaingia kwa hamsini: True. Radi sasa ina abiria 9 na shilingi 450. Wanakuja 6, lakini nafasi zimebaki 5: False. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyelipa. Wanashuka 4: True, wamebaki 5. Wanarudi 6 na nauli imepanda hadi 80, si unajua mvua ikianza: True. Abiria 11, pesa 450 jumlisha 480, ni 930. Mstari wa tano unatoa `11 930`. Chui haijatoka stage, kwa hivyo inatoa `0 0`.

Kama karatasi yako ilisema hivyo, umeshaelewa nusu ya somo.

5. Sasa, huyu self ni nani?

Hapa ndipo watu hulia. Ni rahisi kuliko unavyofikiria, na Kiswahili kinatusaidia.

Chukua neno "amebeba". Hiyo "a" ya mwanzo inafanya nini? Inakwambia ni nani amebeba, bila kumtaja jina. Ukisema "Otieno amebeba", a ni Otieno. Ukisema "Wanjiku amebeba", a ni Wanjiku. Neno ni moja, mtu anabadilika kulingana na stori.

self ni hiyo "a". Ndani ya mchoro hatujui bado ni gari gani itabeba, ju mchoro ni wa gari zote. Kwa hivyo tunaandika self, maana yake "gari ile itakayoitwa". Ukiandika `radi.beba(9, 50)`, self inakuwa Radi. Ukiandika `chui.beba(9, 50)`, self inakuwa Chui. Methodi iliandikwa mara moja, gari zote zinaitumia.

Swali linalofuata ni hili: beba imeandikwa na vitu vitatu ndani ya mabano, yaani self, watu na nauli. Mbona wakati wa kuiita tunaweka viwili tu? Ju Python inachukua kile kilicho kabla ya nukta na kukiweka mahali pa self yenyewe. Hizi mistari miwili inafanya kitu kimoja:

```
radi.beba(9, 50)
Mathree.beba(radi, 9, 50)
```

Jaribu ya pili uone. Hakuna mtu huiandika hivyo kila siku, lakini ukishaiona mara moja, ile siri ya self imeisha. Radi iliingia kwa mabano kupitia mlango wa mbele, wewe hukuiona tu.

Ukihamia lugha zingine utakuta kitu hicho hicho kwa jina lingine. Java na JavaScript wanatumia neno this, na huliandiki kwenye mabano ya methodi. Wazo ni lile lile.

6. Mlango mmoja: hapa ndipo methodi inalipa

Sasa tuseme makanga mjanja amepata simu yenye programu yako. Anaandika:

```
radi.beba(-3, 50)
```

Abiria hasi tatu! Methodi yetu inauliza: je, hasi 3 ni kubwa kuliko nafasi 3 zilizobaki? Hapana. Kwa hivyo inaendelea. Abiria wanashuka kutoka 11 hadi 8. Pesa inashuka kutoka 930 hadi 780. Na inarudisha True, yaani "kila kitu kiko sawa boss". Mia na hamsini imepotea tena, na safari hii ni kwa makusudi.

Hili ni kosa letu. Tulifikiria gari kujaa, hatukufikiria mtu mwenye nia mbaya. Lakini cheki vile tunalirekebisha:

```
    def beba(self, watu, nauli):
        if watu <= 0 or nauli < 0:
            return False
        if watu > self.nafasi():
            return False
        self.abiria = self.abiria + watu
        self.pesa = self.pesa + watu * nauli
        return True
```

Mistari miwili, mahali pamoja. Kama programu nzima inaita beba mara mia mbili, zote mia mbili zimepona saa hiyo hiyo. Kwa ile njia ya kwanza ya variabo ungetafuta kila mahali ulipojumlisha, uweke ulinzi, na uombe Mungu hujasahau moja.

Kama kuna kitu kimoja utabeba kutoka kwa hii makala, ni hiki. Methodi si njia ya kupanga kodi ipendeze tu. Ni mlango. Gari ikiwa na mlango mmoja na makanga mmoja pale, unajua kila aliyeingia na kila aliyelipa. Watu wakianza kuingilia madirishani, hakuna hesabu itakayolingana jioni.

Na ukweli usemwe, Python haifungi madirisha. Mtu bado anaweza kuandika `radi.abiria = 40` na ipite. Kwa hivyo watu wa Python wana makubaliano: sifa ambayo hutaki iguzwe kutoka nje, anza jina lake kwa kistari cha chini, kama `self._abiria`. Ni kama kuandika "Private" kwa geti. Haizuii mwizi, lakini mtu mwenye heshima anaelewa. Java iko strict zaidi: ukiweka neno private mbele ya sifa, kodi ya klasi nyingine ikijaribu kuiguza moja kwa moja, programu haitakubali kujengwa.

7. Kurudisha si kuprint

Hili linachanganya hata wasee ambao wameandika kodi miezi kadhaa. Linganisha hizi mbili:

```
    def nafasi(self):
        return self.uwezo - self.abiria

    def nafasi_mbaya(self):
        print(self.uwezo - self.abiria)
```

Ukiziita peke yake unaweza kudhani zinafanana. Lakini print ni kupiga kelele. Ni makanga anayepaaza sauti "bado tatu!" Watu wa stage wamesikia, lakini hakuna aliyeshika kitu mkononi. return ni kukupa jibu mkononi, ulitumie kwa hesabu ingine.

Ukiandika `x = radi.nafasi_mbaya()`, skrini itaonyesha namba, lakini x itakuwa None, yaani patupu. Na ukijaribu kuilinganisha na watu ndani ya beba, programu itaanguka.

Kuna mtego wa karibu na huo kwa methodi za Python yenyewe. Kumbuka `upper()` na `append()`. `upper()` haibadilishi maandishi yako, inakurudishia mapya. `append()` inabadilisha orodha yenyewe, halafu inarudisha None. Kwa hivyo ukiandika hivi:

```
stage = stage.append("Pangani")
```

umejipoteza. Orodha iliongezwa vizuri, halafu ukaitupa na kuweka None mahali pake. Kabla ya kutumia methodi yoyote jiulize maswali mawili: inabadilisha kitu, au inanijibu tu? Na inarudisha nini?

8. Makosa utakayokutana nayo, na maana yake

Python ikilalamika, soma mstari wa mwisho kwanza. Hizi ndizo utaziona sana.

```
TypeError: Mathree.nafasi() takes 0 positional arguments but 1 was given
```

Ulisahau kuandika self kwenye mabano ya `def nafasi()`. Python inasema methodi haipokei kitu, lakini imeletewa kimoja. Hicho kimoja ni gari yako, ile inayoingia kimya kimya. Sasa unaelewa hesabu yake.

```
NameError: name 'uwezo' is not defined
```

Uliandika `uwezo` badala ya `self.uwezo` ndani ya methodi. Bila self, Python inatafuta variabo ya kawaida na haioni. Python za kuanzia 3.12 zinaweza hata kukuuliza kama ulimaanisha `self.uwezo`.

```
AttributeError: 'Mathree' object has no attribute 'bebba'
```

Umekosea jina tu. Hakuna noma.

```
<bound method Mathree.nafasi of <__main__.Mathree object at 0x...>>
```

Hii si kosa, ni mshangao. Uliandika `print(radi.nafasi)` bila mabano. Umetaja methodi, hujaiita. Ni kama kumwonyesha mtu namba ya simu ya fundi na kungoja bomba lijirekebishe. Weka mabano.

9. Hii kitu ilitoka wapi?

Kidogo tu, ju interview wakati mwingine huuliza. Wazo la klasi na objekti lilianzia Norway. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, wakifanya kazi kwa kituo cha kompyuta pale Oslo, walitengeneza lugha ya Simula miaka ya 1960, na Simula 67 ndiyo ikaja na klasi. Walitaka kuiga mambo ya dunia ndani ya kompyuta. Kwa hivyo ilikuwa lazima kila kitu kibebe habari zake na vitendo vyake pamoja. Walipewa tuzo ya Turing ya 2001 kwa hiyo kazi.

Miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake kule Xerox PARC, Marekani, wakaja na Smalltalk, ambapo objekti zinatumiana ujumbe, na methodi ni vile objekti inajibu ujumbe iliotumiwa. Baadaye C++ ya Bjarne Stroustrup, Python ya Guido van Rossum iliyotoka 1991, na Java iliyotoka 1995 zikabeba wazo hilo hadi likafika kwa simu yako.

Kwa hivyo mathree yetu si mfano wa utani. Kuiga vitu halisi, na foleni zao na hesabu zao, ndiyo sababu hii njia ilizaliwa.

10. Wera ya nyumbani

Usiende kabla hujajaribu hizi tatu.

Ya kwanza. `shukisha` bado iko na lile dirisha la namba hasi. Mtu akiandika `radi.shukisha(-5)`, abiria wanaongezeka bila kulipa hata ndururu, na gari inaweza kupita uwezo wake. Ifunge.

Ya pili. Andika methodi ya `funga_siku` inayorudisha pesa zote za gari na kuiacha na sufuri, tayari kwa kesho. Uko na mtego hapa: ukiweka sufuri kwanza halafu urudishe, utampelekea mwenye gari sufuri. Na ukirudisha kwanza, mistari iliyo chini ya return haifanyi kazi kamwe. Utahitaji kuhifadhi pesa mahali pengine kwanza. Kwa Radi yenye 930, ukiita mara ya kwanza upate 930, mara ya pili upate 0.

Ya tatu ni ya wanaume kwa wanawake walioiva. Radi imeharibika njiani, na Chui inapita. Andika methodi ya `hamishia(self, ingine, watu)` ili `radi.hamishia(chui, 4)` ihamishe wanne bila kuwalipisha tena. Usirudie hesabu upya. Tumia `beba` na `shukisha` ulizonazo, na nauli ya 0. Sasa unaona kwa nini ulinzi wetu ulisema `nauli < 0` na si `nauli <= 0`. Na fikiria vizuri: ukishukisha wanne halafu Chui ikatae ju imejaa, hao wanne wako wapi? Wako kando ya barabara, usiku, na kwa programu yako hawapo tena. Angalia kwanza ndipo uhamishe.

Ukiweza hiyo ya tatu, wewe si yule msee aliyefunga lapi tena. Fungua ile kodi yako ya zamani yenye variabo ishirini, tafuta zile ambazo huwa zinabadilika pamoja kila mara, na uzijengee gari yao. Iwe na mlango mmoja, na makanga anayejua kuhesabu.